Mtoto Hana Kesi

Chakula cha usiku Afande alikila saa tisa na nusu alasiri. Wakati huo sisi majirani zake wa Magogoni ndio kwanza tunaosha vyombo vya mchana, na yeye keshamaliza sima yake na mboga, kaosha sahani, kaifudikiza juu ya meza. Ikifika saa kumi na moja mlango wake umetiwa komeo mbili na redio ndogo inaongea ndani peke yake. Ukigonga saa moja usiku kumwomba chumvi, atakujibu kwa dirishani, kwa adabu zote, kwamba jela imefungwa, rudi asubuhi.

Alipohamia nyumba ya pili kutoka kwangu, mwanamke wa peke yake, mke wangu alimwalika chakula. Tuliandaa wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukangoja. Saa mbili ikapita, na nusu yake. Nikatumwa kumwita, na nilipofika mlangoni nikasikia mtu anakoroma kwa mpangilio. Asubuhi yake, saa kumi na mbili na robo, alikuwa barazani kwetu kashika bakuli.

“Nimekuja kuomba radhi,” akasema. “Na kama kimebaki, nakula sasa.”

Akala wali wa samaki kabla jua halijapanda, mgongo wima, kisha akaosha bakuli letu na bakuli lake. Mke wangu alinitazama. Tangu siku hiyo alimpenda.

Niseme mapema mimi ni nani, maana mtu akianza kusimulia habari za jela watu hutaka kujua alilala huko miezi mingapi. Sikulala hata usiku mmoja. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko ukumbini, karibu na dirisha, na tangu nimalize kidato cha nne safari yangu kubwa ni kwenda dukani kununua uzi. Mwenye kazi ya kutoka ni mke wangu. Huondoka alfajiri kwenda kiwandani Changamwe, na akirudi jioni hunikuta pale pale aliponiacha. Husema, “Wewe wallahi ukifungwa hutaona tofauti.”

Nilimsimulia Afande maneno hayo nikidhani atacheka. Aliutazama ukumbi, akaitazama cherehani, akalitazama dirisha langu lenye nondo.

“Utaona,” akasema. “Huko mlango haufunguliwi kwa ndani.”

Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa sandukuni. Mtaa mzima ulimwita Afande na yeye akaitika, kwa hivyo sikuona sababu ya kuchokonoa. Alikuwa mtu wa bara, wa bara gani sikuuliza, askari jela mstaafu wa jela ya wanawake ambayo sitaitaja. Kiswahili chake kilikuwa kikavu, kimepigwa pasi serikalini, na changu hakukipenda.

“Nyinyi watu wa Pwani,” alikuwa akiniambia, “mnalizunguka neno mpaka linachoka.”

“Na nyinyi mnalikamata, Afande, mnalitia pingu.”

“Ndiyo. Halitoroki.”

Hapo alikuwa akitoa tabasamu dogo, upande mmoja wa mdomo, halafu analirudisha ndani kama kitu cha serikali.

Kuamrisha kulikuwa kumemwingia kwenye mifupa. Kuna siku maji yalikuja bombani baada ya kiu ya wiki nzima, na wanawake wa mtaa wakawa wanasukumana, mitungi inagongana, kila mmoja akidai amefika mwanzo. Afande alitokea na mtungi wake mmoja. Hakupaza sauti. Alisema neno moja tu, “Kaba,” na cha ajabu ni kwamba wawili watatu wakachutama bila kujua kwa nini.

Muuza viazi karai, ambaye hachutamishwi na mtu, alishika kiuno. “Kaba ndiyo nini, mama?”

“Ndiyo kuchutama kwa mstari ili uhesabike.”

“Na nikihesabika nitapata maji?”

“Kwanza uhesabike.”

Watu walicheka mpaka ugomvi ukasahaulika, na katika kule kucheka mstari ukawa umepangika. Toka hapo, maji yakija, mwenye bomba alituma mtu kwenda kumwita Afande hata kama hakuhitaji maji. Alikuja na kigoda, akakaa. Hakuna aliyezungumza naye sana. Alikaa tu pale mpaka mtungi wa mwisho ujae, kisha akabeba kigoda chake akarudi kwake, na mimi nikimtazama kupitia nondo zangu nilihisi kwamba ile ilikuwa sikukuu yake.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumchokoza, kwa kuwa wengine walimwogopa. Alasiri moja amekaa barazani kwangu anamenya chungwa kwa kisu, nikamwuliza, “Afande, kwani wewe umewapiga wafungwa wangapi?”

“Wengi,” akasema, akaendelea kumenya.

Nilikuwa nimeandaa mzaha wa pili. Niliumeza. Alikata chungwa vipande vinne, akanipa viwili. Ndivyo alivyokuwa. Hakujisafisha. Watu wengi wakistaafu hugeuka malaika ghafla. Yeye aliyafanya aliyoyafanya, na ukimwuliza atakwambia, na baada ya hapo la kusema unatafuta mwenyewe.

Ila mtu huyu huyu hakuweza kuvumilia mtoto agombezwe. Watoto wa mtaa walivunja kioo cha dirisha langu kwa mpira, nami nikatoka na rula ya kushonea, uso umekunjwa. Afande alikuwa kashafika kati yangu na wao.

“Mtoto hana kesi,” akasema.

“Dirisha langu linayo.”

“Basi ushitaki mpira.”

Maneno hayo, mtoto hana kesi, aliyasema karibu kila wiki, akigonga meza kwa kidole kimoja. Nilikuwa nikidhani ni msemo wa kwao. Ulipita mwaka kabla hajanieleza ulikotoka. Sehemu kubwa ya utumishi wake alikuwa wadi ya kina mama wenye watoto. Mimi na kidato changu cha nne sikuwa najua kwamba jela ina watoto. Kumbe mama akifungwa ana mtoto wa kunyonya, au akiwa mjamzito ajifungue huko, mtoto hukaa naye ndani mpaka atimize miaka minne. Asubuhi na jioni wanahesabiwa: wafungwa kadha, na kando, kwa mstari wao, watoto kadha. Afande ndiye aliyekuwa akihesabu mstari wa pili.

Habari za watoto hao alizitoa kidogo kidogo, kama mtu anayegawa sukari. Aliniambia watoto wa nje hucheza kupika, na wa kwake walikuwa wakicheza kupekuana. Mmoja anasimama ukutani, mikono juu, mwenzake anampapasa mifukoni, na mifuko yenyewe hawana. Aliniambia siku fundi wa mabomba alipokuja kuziba bomba wadini, mtoto mmoja wa kiume alimfuata nyuma kutwa nzima akimwita Afande. Mtoto huyo aliijua dunia ina watu aina mbili: wanaovaa ile sare ya mistari, ambayo wao huiita kunguru, na Maafande. Fundi hakuvaa mistari. Basi.

“Alipata mtu wa kumpigia saluti,” nikasema.

“Alipata,” akasema Afande. “Yule fundi alirudi siku ya pili na bomba lilikuwa zima. Alileta peremende.”

Na huyu mtu wa sheria, aliyewahi kumshitaki askari mwenzake kwa kifungo cha shati kilichokuwa wazi, alikuwa na barua ya onyo sandukuni, chini ya kitambulisho. Nyuma ya nyumba za askari alifuga kuku. Kuku akiangua, Afande aliwatoa watoto wawili wawili nje ya lango, kinyume cha kanuni, akawapeleka kuona vifaranga, akawarudisha kabla hesabu ya jioni. Hawakuwa wamewahi kuona kiumbe kinachotembea bila kupewa ruhusa. Mkuu wake alimwita, akampa barua. Aliisoma, akatia sahihi kwamba ameipokea, na Jumatatu yake akatoka na wawili wengine.

Nilimwuliza mara moja, kwa ujinga wa mtu anayekaa nyumbani sana, kwa nini hakuzaa.

“Nilikuwa nao. Kila mmoja miaka minne.”

“Halafu?”

“Halafu nawatoa.”

Baada ya hapo alinyanyuka akaenda kwake. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Sijui kama niite upweke. Yeye hakuliita jina lolote. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa ukingoni mwa benchi lililo karibu na mlango, na baada ya ibada wenzake walipobaki uani kuamkiana yeye alikuwa keshafika nyumbani. Simu yake ililia kila Jumamosi, mara moja, mtoto wa dada yake akipiga kutoka bara. Tulijua amepiga kwa kuwa Afande alijibu kwa sauti ya gwaride: mzima, nakula, asante, haya. Dakika moja na nusu. Baadaye tulikuwa tukimwona amekaa mlangoni, simu bado iko mkononi. Mke wangu alikuwa akimpelekea mkate wa sinia siku za sikukuu zetu, na yeye akiirudisha sahani ina kitu, hata kama ni ndimu mbili. Kwa miaka yote aliyokaa pale, sikuona mgeni akivuka kizingiti chake isipokuwa sisi na msoma mita.

Halafu sukari ikampanda. Miguu ikavimba, viatu vyake vyeusi vikawa havimwingii, akawa anavaa ndara na kuona haya. Yule mtoto wa dada yake akapiga simu siku isiyo Jumamosi. Alisema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, akakae bara na watu wake, na kurudi Mombasa hakutakuwapo. Afande alijibu, “Haya.”

Wiki ile ndipo aliponieleza habari za kuwatoa.

Mtoto akitimiza miaka minne na mama bado ana kifungo, ilibidi atoke, apelekwe kwa jamaa au kwenye makao ya watoto. Na wadi ile ilikuwa na desturi yake, isiyoandikwa popote. Mtoto hakuambiwa. Mama naye siku yenyewe hakuambiwa, ingawa mwezi aliujua. Walikuwa wamejifunza kwamba mama akiambiwa, wadi nzima hulia, na wadi ikilia jela nzima hupata moto. Kwa hivyo asubuhi hiyo mama alitumwa kufua, upande wa pili kabisa, na Afande akamwendea mtoto akamshika mkono.

“Twende tukaone vifaranga,” alimwambia.

Watoto waliwajua vifaranga. Walikuja mbio.

“Kuku wako hao hao?” nikauliza.

“Hao hao. Niliwazoesha kwa nia njema, fundi. Halafu nikatumia.”

Alisema alifanya hivyo kwa kila mtoto aliyemtoa, na wengi aliwakabidhi langoni tu, jamaa anangoja, basi. Lakini kulikuwa na msichana mmoja ambaye jamaa yake alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja, na Afande akapewa amri ampeleke mwenyewe mpaka Bofu, Likoni. Msichana nitamwita Riziki. Si jina lake, na ukienda Bofu kumtafuta kwa maelezo yangu utapotea, nimehakikisha.

Njia nzima mtoto alikuwa akiuliza vifaranga viko wapi. Afande alimwambia viko mbele. Walivuka maji, bado viko mbele. Walipofika kwa shangazi yake hakukuwa na hata unyoya. Afande akatia sahihi karatasi, akachuchumaa, akamwambia, “Wewe kaa hapa na shangazi. Mimi naenda kukuletea.” Akaondoka. Mtoto hakulia. Alisimama mlangoni akiita “Afande, Afande,” kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake asisahau kitu. Afande alisikia mpaka kwenye kona. Hakugeuka, kwa kuwa kazini walifundishwa usigeuke.

“Nimewatoa wengi,” akaniambia. “Huyu peke yake ndiye niliyemwacha ananingojea.”

Siku mbili baadaye, saa kumi na mbili na robo asubuhi, alikuwa barazani kwangu kavaa gauni la kanisani.

“Fundi, leo una kazi gani?”

“Nina mapazia ya mtu, Afande.”

“Mapazia hayana miguu. Nipeleke Bofu.”

Nilimweleza kwamba Bofu ni ng’ambo ya dunia. Kutoka kwetu unavuka daraja uingie kisiwani, kisha unakivuka kisiwa chote, kisha unapanda feri. Maji mara mbili kwa siku moja, mimi ambaye mvua ikinyesha huahirisha kwenda dukani. Nikamwuliza kwa nini asimchukue mtu wa kanisani.

“Nani mwingine yuko nyumbani siku ya kazi?”

Mke wangu, aliyekuwa akifunga viatu atoke, alisema bila kuinua kichwa, “Nenda, mume wangu. Ukapigwe na upepo.”

Tulikodi tuktuk mpaka kivukoni. Kwenye banda la kungojea feri watu walikuwa wamefurika nyuma ya geti, na geti lilipofunguliwa wakamwagika kuteremka mteremko. Afande aliwatazama walinzi wa geti kwa heshima ya mtu wa fani. “Hawa wanaweza kazi,” akasema. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo.

Ndani ya feri alinieleza anachokwenda kutafuta, nikajua kwamba alikuwa amekipanga neno kwa neno. Mzee wa kanisa mwenye wakwe Bofu alimwulizia. Riziki yupo, ni mkubwa, ni msusi, anasukia watu barazani kwa shangazi yake yule yule. Mama yake alimaliza kifungo, akarudi akakaa naye miaka michache, akafariki.

“Nitamwambia mimi ndiye Afande,” akasema. “Nitamwambia nilimdanganya, nilijua sirudi. Asiponisamehe ni haki yake. Lakini ajue nilikuwa nani, na kwamba sikumsahau. Bara sitaweza kwenda na hili.”

“Na kama hakukumbuki?”

“Nitamkumbusha.”

Nyumba ilikuwa na ubao umechorwa kichwa cha mwanamke mwenye shingo ndefu kuliko kawaida. Riziki alikuwa barazani anafagia nywele za mteja aliyeondoka. Nilimtarajia mtu mwenye huzuni usoni, sijui kwa nini. Alikuwa mrefu, mnene kiasi, mwenye kicheko cha karibu.

“Karibuni. Shikamoo bibi. Shikamoo mzee.”

“Marahaba,” tukaitika. Afande akafungua mdomo aanze.

“Bibi, hizo mvi zinazochungulia kitambaani nilikuwa nazitafuta,” akasema Riziki. “Nywele za mvi hazibishani na mtu. Kaa hapa.” Akamsogezea kigoda, na yeye akaketi nyuma yake kwenye kiti. Afande, ambaye nadhani hakuwa amepewa amri tangu astaafu, alikaa.

“Na mzee naye?” Riziki akanitazama kichwa. “Wewe sikuwezi. Kwako shamba limeshavunwa.”

“Lilivunwa zamani, mwanangu, na mvua haikurudi,” nikasema, nikakaa kwenye mkeka.

Riziki alifungua kitambaa cha kichwani cha Afande, akaanza kumpaka mafuta kichwani kwa vidole vyote kumi, na Afande akafumba macho. Nilimwona akikusanya maneno yake tena. Hapo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mwanamke mzee kashika jagi la maji na bilauri. Alimwona Afande. Jagi halikuanguka, mambo hayo ni ya sinema. Alisimama tu mlangoni.

“Riziki,” akasema, “kitana kikubwa kiko wapi? Nenda kaangalie chini ya kitanda changu.”

“Kiko hapa, shangazi.”

“Si hicho. Nenda.”

Riziki akaingia ndani akilalamika. Shangazi akampa Afande bilauri, akainama kama anayemimina maji.

“Nimekujua,” akanong’ona. “Nakuomba kwa Mungu. Hajui. Tulimwambia mamake alikuwa Arabuni akifanya kazi, na yeye kazaliwa hapa hapa. Mamake mwenyewe alisema iwe hivyo, mpaka anakufa. Hajui kitu.”

Afande aliitazama bilauri aliyopewa.

“Ana mchumba,” akasema shangazi. “Watu wa mchumba wanakuja mwezi ujao kuleta posa. Nakuomba.”

Riziki akarudi. “Hakipo, shangazi. Kila siku unanituma kitu ambacho hakipo.”

“Basi nimesahau,” akasema shangazi, akakaa kizingitini, mikono imeshikana mapajani.

Riziki akaanza kusuka. Mistari myembamba, kutoka kwenye paji la uso kurudi nyuma. Alikuwa msemaji, na mikono yake ilikwenda na maneno. Alituambia kazi hii kajifunza mwenyewe. Alituambia mamake alikuwa na nywele nzuri kuliko zake. “Marehemu mamangu alikaa Arabuni miaka mingi, mimi mdogo. Alikuwa akinihangaikia. Alirudi mikono mikavu, imejaa sugu, kwa kufua nguo za watu. Nikimwuliza habari za huko haniambii. Anasema kulikuwa na joto.” Akacheka. “Pengine alikuwa na mwanamume huko, bibi, anaona haya kunisimulia.”

“Pengine,” akasema Afande.

“Wewe umezaa wangapi, bibi?”

Shangazi akanitazama.

“Mungu hakunijalia,” akasema Afande.

“Pole. Lakini una mtoto wa kukuleta,” akanielekeza kidole, “japo hana nywele.”

Mistari ikaendelea. Upande mmoja wa kichwa ukamalizika, jua likaingia barazani, nami nikakumbuka miguu ya Afande haitakiwi kukaa muda mrefu imekunjwa. Nilimwonea huruma, hilo ndilo kosa langu. Nikasema kama ninavyosema kila siku, “Afande, hebu nyoosha miguu.”

Mikono ya Riziki ikasimama.

“Afande?” akasema. “Bibi, kwani ulikuwa askari?”

Kama kungekuwa na shimo pale barazani ningejishonea ndani yake. Shangazi alifumba macho. Na Afande, hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa mbele yake, mimi mwenyewe nimeufungua kwa upumbavu wangu. Hakuhitaji hata kuanzisha. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu. Nilimwona akivuta pumzi. Alikuwa amevuka maji mara mbili kwa neno hilo.

“Jina la utani,” akasema. “Watu wa mtaani kwangu wananionea. Wanasema napenda kuamrisha.”

“Hata mimi nimeona. Umekaa kama uko gwaride.” Riziki akacheka, akaanza mstari mwingine. “Sauti yako, lakini, bibi. Kuna mtu unanikumbusha. Mwalimu wangu wa chekechea, sijui.”

“Alikuwa mkali?”

“Sikumbuki. Nakumbuka nilikuwa nampenda.”

Mgongo wa Afande ulikuwa wima vile vile, mikono juu ya magoti, lakini machozi yalikuwa yanashuka bila sauti na kuingia kwenye kola ya gauni lake la kanisani. Riziki alikuwa nyuma hakuona, mpaka alipoinama kushika mstari wa karibu na sikio.

“Yailahi, bibi. Nimevuta sana?”

“Umevuta kidogo,” akasema Afande. “Endelea, mwanangu. Usilegeze.”

Tulipoondoka shangazi alitusindikiza mpaka kwenye kona. Alishika mkono wa Afande kwa mikono yake miwili. Riziki alibaki barazani anatupungia kitana.

Kwenye feri tulisimama upande wa upepo. Nilikuwa nimejaribu kuomba radhi mara tatu na kila mara nikaishia kwenye neno la kwanza, mimi ninayelizunguka neno mpaka linachoka. Afande alikuwa anajipapasa kichwa kwa kidole kimoja, mstari baada ya mstari.

“Nilikwenda kuutua mzigo wangu,” akasema mwishowe. “Nikaona pa kuutua ni kichwani kwake tu.”

Tukarudi Magogoni. Ilikuwa saa kumi jioni, na chakula chake cha usiku kilikuwa kimempita.

Mtoto wa dada yake alikuja mwisho wa mwezi na pikapu. Kulikuwa na sanduku, kitanda, redio na kigoda. Aliagana na mke wangu kwa muda mrefu na mimi kwa kunishika bega. Baada ya wiki kama sita kijana huyo alinipigia simu, Jumamosi. Alisema Afande hajambo, sukari imeshuka, ila kuna jambo linawasumbua nyumbani. Nywele zimechakaa, mistari imeota mvi mpya chini, zimekuwa kama kamba za zamani, na hataki mtu azifumue. Wanawake wa kule wamembembeleza, wamechoka. Kila wakimshika kichwa anawatoa mikono.

“Kwani huko Mombasa alisukwa na nani, fundi?” akaniuliza.

Cherehani ilikuwa mbele yangu na uzi ulikuwa umekatika. Nilikuwa na hadithi nzima mdomoni, na mimi nikiwa na hadithi mtaa wote huwa nayo kabla ya magharibi.

“Msusi mmoja tu,” nikamwambia. “Wa Likoni.”